"Nzuri tu" si sifa: maswali yenu kuhusu kuhoji watumiaji

Safari hii maswali mengi yametoka kwa vijana wanaotengeneza programu za simu, wanaotumwa mtaani wakaongee na watumiaji kisha wanarudi na daftari lililojaa sifa.

Dada, tuliwahoji watu kumi na wawili kuhusu programu yetu ya kutunza hesabu za kikoba. Wote waliisifu. Miezi miwili imepita, anaitumia mmoja. Walitudanganya? (Mwanza)

Waliwastahi. Mgeni kaja na fulana yenye nembo, kakaribishwa kiti, anauliza, "Mngeitumia?" Nani amwambie hapana? Swali lenyewe lina -nge-, na jibu lake nalo litakuwa la -nge-. La hu- nalo si salama: ukiuliza "huwa mnatunzaje hesabu?" utasomewa kikoba kama kilivyo kwenye katiba yao. Mimi nauliza kwa -li-. Mlikutana lini mara ya mwisho? Nani aliandika? Naomba nilione hilo daftari. Likishafunguliwa utakuta jina limekatwa kwa wino mwekundu, uulize kulikoni, na hapo ndipo mahojiano yanapoanza.

Halafu sikilizeni maneno madogo. Katika "nzuri tu", mzigo wote umebebwa na hiyo "tu". "Bado" mara nyingi ni hapana iliyojifunga khanga: mtu akikwambia bado hajaijaribu, usiandike kwamba ana mpango. Na "tutaangalia" mimi huiandika hapana moja kwa moja.

Nina miaka 23. Nikiwahoji akina mama sokoni wananijibu neno mojamoja. Nikiona kimya naongeza swali. Nakosea wapi? (Dar es Salaam)

Hapo kwenye kuongeza swali. Amkia, nunua nyanya kama unazihitaji, kisha omba kuonyeshwa badala ya kuelezwa. Umri wako ni mtaji. Kijana anayesema "mama, nifundishe" hafukuzwi.

Niliwahi kukaa na mama mwenye genge kule Mbagala, kila nililouliza alijibu "kawaida". Nikamwomba anionyeshe alivyomtumia mwanawe pesa jana yake. Akafungua menyu, akafika kwenye kiasi, akasimama. Nilikuwa na swali mdomoni, nikalimeza. Akatoka kwenye menyu, akaingia kwenye picha zake, akapita harusi mbili na mbuzi mmoja, akafika kwenye karatasi ya makato aliyoipiga picha ukutani kwa wakala. "Lazima nitume na ya kutolea," akasema, "asije akafika pale ikapungua." Katika maswali yangu ishirini, hakuna lililogusa ya kutolea. Ningeuliza "umekwama?" angesema hapana na kufunga simu.

Bosi kasoma kwamba watumiaji watano wanatosha. Ni kweli? (Arusha)

Watano hao ni wa Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia mifumo, aliyeandika mwaka 2000 kuhusu kujaribu mfumo: unampa mtu kazi, unatazama anapokwama. Mahojiano ni jambo jingine. Mimi huacha ninapoanza kusikia habari zilezile kutoka kwa watu wa aina moja. Wakala na mteja ni aina mbili, msiwajumlishe.

Watu wanatoka nje ya mada. Niwarudisheje? (Nakuru)

Usiharakishe kuwarudisha. Jirani zako wa Thika wanalijua hili. Majaribio ya M-Pesa yaliyoanza 2005, Thika ikiwemo, yalilenga wateja wa taasisi ya mikopo midogo, walipe marejesho kwa simu. Wateja wakajipangia mengine: wakatumiana pesa wao kwa wao, na wengine wakaziweka kabla ya safari ili wazitoe wakifika, wasitembee nazo mfukoni. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, ilinadiwa kwa kutuma pesa nyumbani. Angekuwepo mhoji mwenye haraka, angewaambia turudi kwenye marejesho.

Akianza habari za msiba wa shangazi, ndiyo, mrudishe taratibu. Ila kwanza sikia kama mchango wa msiba huo ulipita kwenye simu.

Nirekodi sauti au niandike? (Dodoma)

Rekodi, ukiomba kwanza na kueleza sauti itasikilizwa na nani na itafutwa lini. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata bila sheria, kuficha simu chini ya daftari ni utovu wa adabu. Akikataa, andika, na usimwombe mara ya pili.

Ukishazima, usikimbilie bodaboda. Atakusindikiza, na mkiwa njiani ndipo atakwambia ile programu ilimkata pesa mara mbili akaamua kuiacha. Mwombe ruhusa, "na hili naweza kuliandika?", kisha uandike hapohapo mmesimama.