Mwanangu, usiishi Likoni ukiwa Hamburg

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku Likoni, Mombasa, hatujambo, alhamdulillahi. Mamako goti linamsumbua kidogo, lakini feri anavuka mwenyewe kwenda sokoni Marikiti, na ukimwambia umtume mtu anakuona umemtukana.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza peke yangu kwanza, kisha nikamsikilizisha mamako ile sehemu inayomfaa. Umeniuliza: "Baba, wewe Dubai ulizoea baada ya muda gani? Kila mtu aliniambia miezi mitatu tu nitakuwa sawa. Sasa baridi imeingia, na nikiamka bado najiona mgeni." Nakujibu kwa maandishi kwa sababu kwenye simu mamako hunikata maneno, na hili nataka nilimalize.

Muda peke yake hauzoeshi mtu, mwanangu. Deira, mtaa wa Dubai, niliwakuta watu wa kwetu waliofika zamani sana, na walikuwa wageni kuliko mimi niliyeshuka juzi. Chumba chetu kilikuwa cha vitanda vya ghorofa, wote watu wa Pwani. Tukipika wali wa nazi, tukibishana siasa za Mombasa, na usiku tukisikiliza kanda za kaseti. Simu enzi hizo zilikuwa ghali, basi huku nyumbani familia nzima hukusanyika mbele ya redio kaseti kurekodi, kila mmoja akasema lake, hadi sauti za kuku wa jirani zikaingia mle, na kanda ikaletwa Dubai na msafiri. Raha yake usiseme. Lakini kulikuwa na mwenzetu aliyejua bei ya sukari Mwembe Tayari na hajui jina la mtaa wa nyuma ya nyumba anayolala.

Mimi kilichonitoa mle ni Kiurdu. Nilikwenda nikidhani nitahitaji Kiarabu, na cha madrasa nilikuwa nacho cha kujigamba. Kufika bandari ya Jebel Ali, naona Kiarabu ni cha ofisini. Kazi yenyewe, winchi, malori, kuhesabu mizigo, ilikwenda kwa Kihindi na Kiurdu, kwa sababu wenye kuifanya walikuwa Wahindi na Wapakistani. Nikaanza kula chakula cha mchana na karani mmoja wa Karachi badala ya kukimbilia kundi letu. Wenzangu walinisema: huyu naye kajifanya Mhindi. Wacha waseme. Haikupita muda nikawa nacheka mzaha unapotolewa, siyo baada ya kuelezwa. Ijumaa, ndiyo iliyokuwa mapumziko yetu, nikawa naitwa kwenda kutazama kriketi, mchezo ambao hadi leo sijaelewa kwa nini uchukue siku nzima. Siku niliyoona nimekasirika kwa dhati kwa sababu timu yao imefungwa, nilijua nimefika.

Nawe una cheti cha Kijerumani cha B2, umekitolea jasho, bila hicho usingepata kazi ya uuguzi huko. Lakini umesema wale wazee wa wodini wakianza kuzungumza wao kwa wao, hushiki kitu. Basi hicho wanachozungumza ndicho cha kutafuta. Baadhi yao watakuwa wanachanganya na Kijerumani cha pwani ya huko, Kiplatt, walichokulia nacho. Ulilelewa na nyanyako aliyezungumza Kimvita kitupu na ukimpelekea Kiswahili cha shule anakucheka. Kwa hiyo hili hulianzi leo. Muombe mzee mmoja akufundishe neno moja kila zamu. Mgonjwa aliyelala kitandani mchana kutwa hana kazi nyingine, na atafurahi kuwa mwalimu.

Sasa nije kwenye linalonikera, na ujue nasema kwa mapenzi. Unaishi kwa saa za Likoni. Arusi ya mtoto wa khalati yako uliifuata kwenye simu hadi usiku wa manane, na alfajiri una zamu. Kwenye lile kundi letu la familia wewe ndiwe wa kwanza kujibu kila kitu, hata mimi niliye hapa napata habari za mtaa kutoka kwako. Feri moja ikiharibika, wewe uliye Ujerumani unamwambia mamako apite wapi!

Saa zetu za Kiswahili zimefuata jua la hapa: likichomoza tunaanza kuhesabu, na halichezi mwaka mzima. Huko Desemba linachomoza saa mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kumi jioni, halafu Juni linakaa hadi karibu saa nne usiku. Huwezi kuukokota mwili wako kwa ratiba ya hapa wakati jua la huko lina yake. Toka nje mchana hata kama kuna baridi, dakika ishirini za mapumziko zinatosha. Habari ya vitamini D wewe ndiye muuguzi, sikufundishi, lakini kapimwe. (Na kuhusu saumu, usiogope sana. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Mwaka 2030 itaangukia Januari, halafu nyingine ianze Desemba mwaka huohuo. Mtafunga saa chache, sisi tukiumia na joto la kaskazi.)

Ile karatasi ya kulalamikia kelele aliyobandika jirani mlangoni pako ilimuudhi mamako kuliko ilivyokuudhi wewe. "Mtu hajui hata kubisha hodi akasema!" Lakini nimeuliza, na ukweli ni kwamba Jumapili kwao ni siku ya kimya kwa sheria. Maduka yanafungwa, hata chupa za glasi hazitupwi kwenye mapipa ya mtaani siku hiyo kwa sababu ya kelele. Nawe ukachukua kinu ukatwanga bizari Jumapili mchana, ghorofa ya tatu. Huku ngoma hukesha na jirani akilalamika anaonekana ana husuda. Kule kimya ni haki ya mtu, na kelele ni kumnyang'anya. Kwanza aliandika karatasi, hakuita polisi. Mpelekee sahani ya kaimati, umtaje kwa jina lake la ukoo lililo kwenye kengele. Akipokea, umepata jirani. Asipopokea, umekula kaimati.

Na msimamizi wako aliyekuambia mbele ya watu kwamba umekosea kuandika dawa: hilo pia usililaze moyoni. Kwetu mtu akitaka kukukosoa atazunguka Mtongwe ndiyo afike Kilindini. Kule wanasema, wakimaliza wameshasahau, na mchana huohuo anakuuliza kama unataka kahawa. Wewe umemnunia wiki nzima naye hajui kuna ugomvi. Mpime kwa jinsi anavyokupangia zamu na anavyokutetea kwa daktari. Ulivyonisimulia, kwa hayo hana kasoro.

Urafiki wao nao una mlango wake. Hapa unapita, unaona mlango wazi, unaingia, unapewa chai. Huko utangoja mlango uwe wazi hadi uzeeke. Nasikia watu hukutana kwenye vyama vilivyosajiliwa, vya kuogelea, vya kuimba, vya kulima bustani, na wanaonana siku ileile ya wiki miaka nenda miaka rudi. Wewe umekua ukiogelea ufuo wa Shelly kabla hujajua kusoma. Tafuta chama cha kuogelea karibu na kwako, ulipe ada, uende hata siku usiyotaka. Ukialikwa kwa mtu tarehe ya wiki tatu mbele, usicheke. Andika, na ufike kwa dakika.

Pesa. Hapa nitakaa kidogo.

Hati yako ya mshahara uliyonipigia picha nimeisoma kwa miwani. Juu elfu tatu na kitu, chini elfu mbili na kidogo. Katikati kuna kodi, bima ya afya, pensheni, bima ya kukosa kazi, na bima ya kutunzwa uzeeni, na kwa kuwa huna mume wala mtoto, kodi inakushika vizuri. Kisha nyumba, treni, na ile ada ya redio na televisheni ya euro 18.36 kwa mwezi ambayo kila nyumba inalipa hata kama haina televisheni. Nduguzo huku wameshika ile namba ya juu, wakaipiga mara mia na hamsini, wakapata shilingi za kumnunulia ami yako bodaboda. Nimewaambia wote, na ami mwenyewe amenisikia: mwenye shida aje kwangu kwanza. Asiyeridhika anilaumu mimi, nimezoea kulaumiwa, nilikuwa karani wa bandari.

Wewe panga kiasi kimoja cha kutuma kila mwezi, kisibadilike kwa kilio cha mtu. Ada ya mdogo wako tumekubaliana. Kingine chochote kingoje mwezi unaofuata. Na usiache kujiwekea kwa sababu ya aibu ya kuonekana una pesa. Ile pensheni unayokatwa, ukitimiza miaka 5 ya kulipa, inakuwa haki yako ya uzeeni. Mimi kampuni niliyoifanyia kazi Dubai ilinishikia pasipoti kabatini na siku ya kuondoka ikanipa mkono tu. Wewe pasipoti yako iko mkobani, na mkataba wako una lugha unayoisoma. Utumie. Ulikwenda kazini na homa wiki ile ukiogopa kufukuzwa, na sheria ya huko inamlazimu mwajiri kukulipa mshahara kamili hadi wiki 6 ukiwa mgonjwa. Ukiugua, pata karatasi ya daktari ulale.

Umeuliza pia, kwa sauti ya chini mwisho wa ujumbe, kama ukizoea utakuwa umetusahau. Mimi nilicheza karata na watu wa Karachi na nikarudi nikamuoa mamako, tena nikiwa na haraka. Hilo wala usilipotezee usingizi.

Jambo la mwisho ni simu, na hili mamako hajalikubali bado, tunaendelea nalo. Usipige kila siku. Piga Jumapili, maana huko kila kitu kimefungwa na huna pa kwenda. Saa kumi jioni zetu, ambazo ni saa nane mchana zenu. Mwisho wa Machi mkisogeza saa mbele itakuwa saa tisa kwenu, usituweke kitako tukingoja kwa hesabu ya baridi. Siku nyingine tuma ujumbe, tutausoma. Na zile buti zilizopasuka kisigino nilizoziona kwenye picha, nunua mpya kabla hujatuma senti huku mwezi huu.

Mamako anasema kinu utwange Jumamosi.

Ni mimi babako.