Maswali na Majibu: Wimbo, Ngoma na Udongo Baada ya Kiharusi

Shikamooni wataalamu. Baba alipata kiharusi miezi 3 iliyopita, upande wa kulia umepooza. Akitaka maji neno halitoki, lakini ikipigwa kaswida anaiimba hadi mwisho. Ndugu wanadai anajifanya. (Tanga)

Marahaba, na pole kwa kuuguza. Hajifanyi, na tunawaomba ndugu waache kumwambia hivyo. Kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo mara nyingi hugusa sehemu inayopanga matamshi, ilhali kuimba hutumia pande zote mbili. Lakini kaswida peke yake haitamrudishia usemi. Maneno ya wimbo uliokaririwa hutoka kwa mkururo, na mgonjwa hawezi kuchomoa moja akaombea chai. Hapo ndipo familia nyingi hukwama.

Njia iliyoelezwa na watafiti Albert, Sparks na Helm huko Boston, Marekani, mwaka 1973 huimba sentensi za kila siku kwa sauti mbili tu, ya juu na ya chini. Chagueni sentensi 2 au 3 anazozihitaji. Katika "nataka maji", *ta* na *ma* zipande, silabi nyingine zishuke, kama tunavyokaza tukizungumza. Keti naye uso kwa uso, shika mkono wake wa kushoto, uugonge mezani taratibu mara moja kwa kila silabi, takriban silabi moja kwa sekunde. Anzeni kwa kuguna ule mwimbo bila maneno. Kisha imbeni pamoja. Kisha wewe nyamaza katikati, amalizie. Kisha imba wewe, arudie peke yake. Mwisho muulize, "Unataka nini?" ajibu mwenyewe. Akikwama, rudini hatua moja nyuma bila kumkosoa. Dakika 15 hadi 20, mara 2 kwa siku, zinatosha nyumbani. Kinachoharibu zaidi ni haraka: mapigo yakikimbia, silabi humezwa.

Njia hii humfaa anayeelewa anachoambiwa ila hawezi kutamka. Anayesema kwa wepesi maneno yasiyoeleweka anahitaji mazoezi mengine, kwa hiyo baba apimwe kwanza na mtaalamu wa tiba ya usemi.

Mama anatembea tena, lakini hatua moja ndefu, nyingine fupi. Je, muziki unasaidia kweli? (Mombasa)

Unasaidia, mradi mapigo yafuate miguu yake kwanza. Mtafiti Michael Thaut na wenzake huko Colorado, Marekani, walilichunguza jambo hili miaka ya 1990: sikio likizoea pigo, mwili hujua lini mguu utue. Hesabu hatua zake kwa sekunde 30 akitembea kwa raha, zidisha kwa 2. Zikiwa 60 kwa dakika, weka metronomu ya simu (programu inayotoa mlio kwa kila pigo) kwenye 60. Hatua zikilingana kwa siku kadhaa, ongeza asilimia 5, yaani 63. Wengi huanza na wimbo wanaoupenda uliochangamka, mgonjwa akaukimbiza na kuanguka. Pigo la wawili wawili, kama la gwaride au beni, hulingana na miguu. Taarabu ya polepole yenye vinanda vingi humpotezea pigo. Mlinzi asimame upande dhaifu, nyuma kidogo, na kwenye kona muziki uzimwe.

Tumeambiwa mgonjwa wetu anunue mpira wa kuminya. Udongo wa mfinyanzi hautafaa? (Kisumu)

Unafaa, na mara nyingi unazidi mpira. Mkono uliopooza huwa na tabia ya kujikunja; kuminya tu kunaweza kuuzidishia kukunja, wakati anachohitaji ni kufungua vidole. Chukua udongo laini wa ukubwa wa yai, chambua changarawe zote. Aketi miguu ikikanyaga sakafu, meza ikiwa usawa wa kiwiko. Abonyeze kwa kiganja uwe kama chapati, auviringishe kamba nene, kisha abane kingo kwa kidole gumba na cha shahada. Dakika 15. Vidole vikianza kukakamaa, apumzike. Kama hana hisia mkononi, kagua ngozi kila mara anapomaliza, maana atachubuka bila kujua.

Mimi ndiye ninayemuuguza mgonjwa wetu na sipati usingizi. Kuandika kunasaidia? (Dodoma)

Kwa baadhi, ndiyo. Katika jaribio la mwanasaikolojia James Pennebaker lililochapishwa mwaka 1986, watu waliandika dakika 15 kwa siku 4 mfululizo kuhusu jambo lililowaumiza, bila kujali tahajia. Huzuni kupanda mara baada ya kuandika ni kawaida, hivyo usiandike ukiwa kitandani tayari kulala. Siku 4 zikipita na usingizi ukazidi kukatika, acha na umwone mtaalamu wa afya ya akili.