Weka simu mfukoni, uchore mwili

Vijana wanaonionyesha michoro yao ya penseli karibu wote wamenakili nyuso kutoka kwenye simu. Kazi safi, nyusi unaweza kuzihesabu, na wateja wa picha za harusi wapo. Sibezi riziki ya mtu. Ila mwambie huyo huyo amchore mama anayejitwisha ndoo ya viazi sokoni Mwanjelwa hapa Mbeya, uone atakavyokwama.

Mimi nasema anza na mikono na mabega, uso utakuja wenyewe. Tazama michoro ya Egon Schiele, Mwaustria aliyezaliwa 1890 na kufariki 1918 kwa homa ya mafua iliyoenea dunia nzima, akiwa na miaka 28 tu. Mistari yake ni mikali, viwiko vimechongoka, vidole virefu vyenye vifundo, na nyuma ya mtu karatasi mara nyingi imeachwa tupu. Funika uso kwa kiganja chako, bado utajua kama yule mtu ana wasiwasi au amechoka. Alichora haraka bila ufutio. Rangi alipaka baadaye, aliyechorwa akishaondoka. Tena alikuwa akipanda ngazi ili amwone mtu kutoka juu.

Sisi wa Mbeya tuna baridi ya Juni na Julai. Pita Kabwe alfajiri uwaone bodaboda walivyojikunyata: mabega yamepanda hadi masikioni, mikono kwapani, shingo imezama ndani ya koti. Mchore kwa peni kabla abiria hajaja, bila kuinua mkono kila mara. Mstari ukienda kombo uache hapo hapo, piga mwingine kando yake. Mara nyingi ile miwili pamoja ndiyo inayoleta uhai.

Omba ruhusa, hasa kama ni mtoto: kwa mzazi wake. Na habari za utupu ziache kwanza. Schiele mwenyewe alikaa mahabusu siku 24 mwaka 1912, kisa michoro ya namna hiyo kuachwa watoto waione, na hakimu akachoma mmoja pale pale mahakamani. Kitenge kilichokazwa kiunoni kinaonyesha nyonga vizuri tu.

Vifaa visikusumbue. Karatasi za rimu zinatosha. Ukitaka mkaa, chagua kijipande chembamba jikoni, kisha tenganisha michoro kwa gazeti, la sivyo ukishuka kwenye daladala utakuta imechafuana yote.