Tairi za Mustang ya 1965 kwenye kadi ya gari ya Kijerumani

SWALI: Wahariri, salaam. Nimeingiza Ford Mustang ya 1965 kutoka California. Hapa Ujerumani mkaguzi anataka saizi ya tairi za kiwandani ndipo aandike ripoti ya usajili. Hati ya Marekani haitaji tairi, na mlangoni sioni kibandiko. Nitaipata wapi?
Msomaji, Hamburg

JIBU: Kibandiko usikihangaikie, hakikuwepo. Marekani ilianza kukilazimisha kwa magari madogo mwaka 1968. Bati la mlangoni kwako linataja rangi, tarehe ya kuundwa, giaboksi na difu, lakini si tairi.

Anzia kwenye namba ya chasi, iliyogongwa chini ya boneti kwenye bati la ndani la madigadi, upande wa dereva. Ikianza 5R07C, basi 5 ni mwaka 1965, R ni kiwanda cha San Jose, 07 ni bodi, na C ni injini ya V8 ya inchi za ujazo 289. T ingekuwa silinda 6. Sasa hesabu nati za gurudumu: V8 ina 5, silinda 6 ina 4. Herufi ikisema C na nati ni 4, kuna mtu alibadilisha vitu, na mkaguzi ataliona hilo kabla ya tairi.

V8 hiyo ilitoka na 6.95-14, na kitabu cha mwenye gari cha mwaka huo ni ushahidi mzuri. 6.95 ni upana kwa inchi, kama milimita 177. 14 ni rimu. Badala yake leo hutumika sana 195/75 R14. Hapo 195 ni upana kwa milimita, 75 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana, na R ni tairi la radial: 195 × 0.75 × 2, ongeza 355.6 za rimu, unapata kipenyo cha milimita 648.

Wengi hukwama hapa: saizi peke yake haitoshi. Ekseli ikiandikiwa kilo 900, kila tairi libebe angalau 450, yaani namba ya mzigo 80. Tairi la 92 hubeba 630, halina shida. Mwendo nao una akiba yake: chukua kasi ya juu ya gari, ongeza asilimia 1 na kilomita 6.5. Gari la kilomita 170 kwa saa linafika 178.2, herufi ya kasi S kwenye tairi (180) inatosha. La 175 linafika 183.25, hapo S imekwama, tafuta T (190).

Tairi zilizokuja na gari zichunguze ubavuni. Zilizotengenezwa kuanzia Oktoba 1998 lazima ziwe na alama ya E yenye namba, yaani idhini ya Ulaya; nyingi za Marekani zina DOT tu, alama ya Marekani, na hizo hukataliwa. Wala usichanganye zenye R na zile za zamani zisizo na R, hata ekseli moja moja.

Kabla hujanunua, mpelekee mkaguzi picha ya namba ya chasi, ya rimu na ya ukurasa wa kitabu, umwombe aandike 195/75 R14 katika vifungu 15.1 na 15.2, vya tairi za mbele na za nyuma kwenye kadi ya gari. Akiandika 6.95-14 pekee, utabaki kutafuta tairi za mtindo wa zamani kila zinapokwisha.