Kabla Hujafungua Jiko la Trela, Lala Chini Uangalie Ekseli

Juzi dada mmoja wa Rongai aliniandikia. Wana watoto watatu, mumewe ana Hilux, na wamepata trela ya kambi ya mitumba inayouzwa kule Karen. Alitaka maoni yangu kabla hawajalipa, akanitumia picha saba. Sita zilikuwa za jiko: jiko linalovutwa nje kama droo, sinki ndogo, kibao cha kukatia mboga, taa za bluu chini ya kabati. Ya saba ilikuwa ya godoro.

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Picha kama hizo ndizo zilizonitoa laki tisa.

Aliyeniuzia sitamtaja, anajijua. Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani. Alivuta lile jiko, akawasha moto, akachemsha chai pale pale uani kwake, tukanywa. Mama Imani akaniangalia kwa jicho ambalo kila mume analijua. Nikauliza swali moja tu: inaweza barabara mbaya? Akanijibu, "Mkubwa, hii imetoka Australia. Huko barabara ni mbaya kuliko kwetu." Nikaridhika. Chini ya trela sikuangalia. Nilikuwa na shati jeupe, ningelalaje kwenye vumbi?

Shemeji yangu alipoiona mtaani Utawala, hakumaliza hata dakika moja akaibatiza "kibanda cha chipsi". Jina likaingia kwenye grupu la familia, na hadi leo halijatoka.

Safari ya kwanza ilikuwa Magadi. Si mbali na Nairobi, lami inafika hadi mjini, na watoto wangeona zile shoka za mawe za watu wa kale pale Olorgesailie njiani. Ilikwenda vizuri sana, na hilo ndilo lililoniponza. Tulipita Magadi tukashika barabara ya vumbi kuelekea Nguruman, mvua ilikuwa imenyesha, tukakuta bonde lina maji. Nikaingia kwa mbwembwe, Imani anapiga video. Maji yalifika katikati ya magurudumu. Tulivuka, tukapiga makofi. Usiku hema la trela likavuja kwenye mishono, nikamlaumu aliyeniuzia. Baadaye nikajifunza kwamba turubai la pamba likiwa jipya hulowanishwa na kukaushwa mara mbili tatu nyumbani, nyuzi zivimbe zizibe matundu ya sindano. Langu lilikuwa limebadilishwa karibuni.

Lakini kilichoharibika kweli siku ile sikukiona. Gurudumu likitembea muda mrefu, habu, yaani kitovu cha gurudumu, inapata joto, na beringi, vile vyuma vya duara vinavyolifanya lizunguke, zimo humo ndani. Ukiizamisha ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyomo inajikunyata na kufyonza maji kupitia sili, ile raba inayoziba habu. Maji yanachanganyika na grisi, grisi inakuwa kama uji mweupe, na wewe unaendelea na maisha yako. Ningesimama robo saa kabla ya kuvuka, au ningefungua habu baada ya kurudi, makala hii nisingeiandika.

Desemba iliyofuata tukaenda Loiyangalani. Kutoka Nairobi hadi Isiolo, na Isiolo hadi Laisamis, ni lami tupu, hakuna la kusimulia isipokuwa kwamba trela ilikuwa inacheza mkia kila nikipita themanini. Nilidhani ni upepo. Kumbe ni tangi la maji la lita 90 lililofungwa nyuma ya ekseli, kile chuma kinachobeba magurudumu mawili. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo nilikuwa nimekalisha mtu mnene nyuma kabisa, akiinua pua ya trela juu. Kanuni ni kwamba ndoano ya gari ibebe karibu asilimia 10 ya uzito wa trela iliyopakiwa. Pua ya trela yangu ilikuwa nyepesi kiasi kwamba Mama Imani angeweza kuinyanyua kwa mkono mmoja. Tena alifanya hivyo, akacheka.

Baada ya Laisamis unashika changarawe, zaidi ya kilomita 200, barabara iliyotengenezwa upya kupitishia mitambo ya umeme wa upepo. Kuna vipande vizuri, na kuna vipande vilivyojikunja kama mabati. Hapo kwenye mabati ndipo trela inaposulubiwa. Gari lina shokamzoba nzuri na wewe umekalia kiti laini, husikii kitu. Nyuma kule kila nati inatetemeka. Nilikuwa sijapunguza upepo wa tairi, zote zilikuwa psi 40 kama nilivyozijaza Nairobi. Siku hizi kwenye barabara ya namna hiyo nashuka hadi 28 hivi, mchangani chini zaidi, na mwendo naupunguza pia.

Imani, aliyekuwa na miaka tisa, ndiye aliyesema, "Baba, trela inanuka." Nikamwambia ni mbuzi. Dakika kumi baadaye nikaona kwenye kioo gurudumu la kushoto limelala upande kama mlevi.

Habu ilikuwa nyekundu. Beringi zilikuwa zimesagika, chuma cha ekseli kimelika. Spea ya beringi sikuwa nayo. Nikafikiri angalau nitumie tairi ya gari langu, Prado, kwa namna fulani, akili ya mtu aliyechanganyikiwa: rimu za Prado ni za nati sita, za trela ni za nati tano. Maana yake tangu Nairobi nilikuwa natembea na spea mbili zisizoweza kusaidiana. Jua linatua, watoto wawili, mke amenyamaza. Ule unyamavu wake bado unaniuma kuliko zile laki tisa.

Mzee mmoja Msamburu aliyekuwa anarudisha ng'ombe alisimama, akazunguka trela mara moja, akasema kwa Kiswahili safi, "Hii imekufa. Lakini usiku hamtakufa." Akatuletea maziwa. Asubuhi alikubali kuilinda, nami nikaifungua ile ekseli yote, nikaipakia, tukageuza kuelekea Marsabit.

Fundi wa Marsabit aliigeuza beringi mkononi kama mtu anayesoma barua ya kigeni. "Mzee, saizi hii sijawahi kuiona. Kama ingekuwa ya Hilux, saa hii ungekuwa njiani." Mwishowe alikata ncha ya ekseli, akachomelea ya pikapu kuukuu pamoja na habu yake. Elfu kumi na nane na siku mbili za hoteli. Habu ile ilikuwa ya nati sita. Kwa hiyo niliendelea na safari nikiwa na trela yenye nati sita kushoto na nati tano kulia. Shemeji alitumiwa picha. Sijui na nani.

Ziwa tulilifikia, ni zuri, mtaona picha za watu wengine. Hema halikusimama hata usiku mmoja. Ukiona mahali pamepandwa mitambo 365 ya upepo, ujue si pa kusimamisha turubai refu. Tulilala ndani ya gari.

Sasa, dada yangu, unaniuliza ununue au usinunue. Nenda na ovaroli na tochi. Lala chini kabla hujafungua jiko. Ukikuta springi bapa za kawaida, zile za vipande vya chuma vilivyopangwa pamoja, usizidharau, kwa sababu kila fundi kuanzia Maralal hadi Moyale amezigusa. Ile mifumo ya kisasa ya kila gurudumu na mkono wake ni mitamu barabarani, lakini uliza kwanza vipuri vinapatikana Kirinyaga Road au vinaagizwa ng'ambo. Hesabu nati, ziwe sawa na za Hilux yenu, na rimu ya Hilux ijaribiwe pale pale, muuzaji akiona. Muulize namba ya usajili ya trela yenyewe, ile inayoanza na Z, na jina lililo kwenye karatasi. Kisha ipakieni maji, gesi na vyombo, mwende mkaipime kwenye mizani. Mimi niliambiwa kilo 600. Siku niliyopima, nikiwa nimechelewa, ilisoma 1,180. Na breki hazikuwepo, wakati nchi nyingi haziruhusu trela ipite kilo 750 bila breki zake. Nilikuwa nabeba wanangu mbele ya tani nzima isiyo na breki, nikijiita baba.

Wazazi wenzangu, hapa nitasema na mnisamehe. Sisi watu wa Nairobi tunapenda kinachoonekana na wageni. Sebule inapakwa rangi, bomba la jikoni linavuja. Gari linaoshwa kila Jumamosi, oili haijabadilishwa tangu Pasaka. Mtoto ndiye anayesikia harufu kwanza na tunamwambia ni mbuzi. Ukisimama kujisaidia, gusa habu zote mbili kwa kiganja: ikiwa vuguvugu, endelea, ikikuchoma, huna safari. Ni sekunde tano. Na beringi mpya, zilizopakwa grisi tayari, zikae kwenye kisanduku pamoja na sili zake. Nimesema lala chini? Narudia, lala chini.

Yangu sikuiuza. Fundi wa Kariobangi aliiwekea ekseli mpya ya nati sita yenye breki, tangi akalisogeza mbele, na mwaka huu imetoka Maralal hadi Baragoi ikarudi bila kunuka. Jana usiku shemeji ameniandikia pembeni, si kwenye grupu, akiomba aazime kibanda cha chipsi wikendi moja aende Naivasha na familia. Sijamjibu.