Barua kwa mwanangu: kuandika wasifu wa bibi yako

Mwanangu,

Umeniuliza wasifu wa bibi yako uandikwe vipi ili usomwe siku ya kumkumbuka, na uanze na nani, maana kila mmoja katika familia ana lake.

Anza na makaratasi, watu baadaye. Kusanya kitambulisho chake, cheti cha ndoa, kadi za kliniki za watoto, barua, hata madaftari yake ya hesabu. Andika tukio, mwaka, na ulikoupata. Hilo la mwisho wengi huliona la bure, kumbe ndilo litakalokuokoa mama zako wadogo wakianza kubishana. Mwaka wa kuzaliwa ndio unaokosewa zaidi. Kwa wazee wengi ulikisiwa siku ya kujaza fomu, na ukikuta tarehe 1 Januari, shuku. Karatasi mbili zisipopatana, ipe uzito ile ya zamani zaidi, halafu upime: alizaliwa kabla au baada ya ndugu yupi, na mtoto wa kwanza alimpata lini. Pasipo jibu, andika "takriban mwaka", basi.

Majina yake yote yataje mara moja pale mwanzoni: alilopewa na wazazi, la ndoa, la utani, na lile la kuitwa mama fulani. Waliocheza naye utotoni huenda hawalijui kabisa jina la kitambulisho.

Watu waendee mmoja mmoja, mkubwa kwa umri kwanza, isipokuwa kuna mgonjwa, huyo atangulie. Ukiwakusanya pamoja, mwenye sauti kubwa atasimulia na wengine wataitikia. Saa moja inatosha, kwani mzee akichoka hujibu ndiyo na hapana tu. Unaporekodi, ondoa simu kwenye mtandao na uiweke juu ya kitambaa kilichokunjwa, karibu nusu mita kutoka kwa msemaji. Ikilala juu ya meza tupu, kila kikombe kikiwekwa utasikia kishindo badala ya maneno. Mwombe ruhusa huku unarekodi, na utaje jina lake na tarehe.

Sasa maswali, na hapa ndipo wengi huharibu. Ukiuliza bibi alikuwa mtu wa namna gani, utaambiwa mpole, mkarimu, mwenye upendo, sifa zinazosomwa kwa kila marehemu. Uliza asubuhi alianza kushika nini. Akikasirika, alinyamaza au alisema? Pesa alizificha wapi? Aligombana na nani, na walipatanaje? Kisha nyamaza, uhesabu moyoni hadi kumi kabla ya swali jingine; mara nyingi jambo lenyewe hutoka hapo. Na ukali wake usiuondoe, maana waliomjua hawatamtambua bibi asiye na kasoro. Yale yanayoweza kumwaibisha mtu aliye hai ni jambo lingine: hayo mwulize mwenyewe, na akikataa yaache, ila usiweke uongo mahali pake.

Picha za zamani ziskani kwa nukta 300 kwa inchi, zile ndogo za pasipoti kwa 600. Majina ya waliomo yaandike nyuma, ukingoni, kwa penseli laini bila kukandamiza. Wino wa kalamu huweza kupenya au kuchafua picha inayolaliwa. Picha iliyoganda kwenye albamu ya gundi usiivute, itachanika. Pitisha chini yake uzi wa kusafishia meno, taratibu kuanzia pembeni, na ikigoma skani ukurasa mzima.

Kwa kusoma kwa utulivu, kadiria maneno 100 kwa dakika. Ukipewa dakika saba, andika maneno 600, dakika inayobaki iwe ya kupumua na ya machozi. Watoto wake wataje wote kwa mpangilio wa kuzaliwa, waliokwisha kufariki wakiwemo, na aliowalea bila kuwazaa. Jina moja likirukwa, mwenye jina hatasikia tena chochote utakachosoma. Kwa hiyo orodha hiyo ipitiwe na watu wawili, mmoja wa upande wa bibi, mmoja wa upande wa babu.

Chapisha kwa herufi saizi 16, upande mmoja wa karatasi, kurasa zikiwa na namba. Nakala ya pili mpe mtu aliyekwisha kuusoma wasifu kwa sauti angalau mara moja, ashike nafasi yako ukishindwa kuendelea. Sauti na picha zihifadhi sehemu tatu, mojawapo iwe nyumba nyingine kabisa. Simu ikiibiwa na kila kitu kimo humo, hakuna wa kumrudia kumwuliza upya.

Rasimu nitumie kabla hujawapelekea wajomba zako. Pale kwenye nduguze bibi acha nafasi, nitakujazia mimi.

Mama yako