Kuziba grili bila gari kuchemsha

Habari, ndugu. Umeeleza kwamba uliziba grili yote (wavu wa mbele unaopitisha hewa) kwa kadibodi ili kupunguza ukinzani wa hewa na hivyo ulaji wa mafuta, na sasa feni haitulii na AC haipozi vizuri unapokwama kwenye foleni. Kwanza angalia nyuzijoto halisi za maji ya rejeta kwa kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Usiutegemee mshale wa dashibodi, kwa kuwa katika magari mengi umetengenezwa utulie katikati hata joto linapopanda kwa kiasi kikubwa.

AC imedhoofika kwa sababu kondensa yake (kipozeo cha gesi ya AC) hukaa mbele ya rejeta, na hiyo ndiyo uliyoinyima hewa. Feni nayo hutumia umeme wa alteneta (jenereta ya gari) inayozungushwa na injini, hivyo ikifanya kazi muda wote inakula sehemu ya mafuta uliyotaka kuokoa.

Toa kadibodi, maana ikilowa hulegea na kuangukia ndani. Mimi hutumia plastiki ngumu niliyoikata kwa kufuata umbo la grili, nikaifunga kwenye mbavu za grili yenyewe, kamwe si kwenye mapezi ya rejeta (vibati vyake vyembamba), ambayo hupinda kwa kuguswa tu. Ziba nusu, uache wazi njia ya hewa ya injini na ya intakula (kipozeo cha hewa ya turbo) kama ipo, kisha upime tena joto ukiwa barabara kuu na kwenye foleni. Unapovuta tela au kupanda milima wakati wa joto, iondoe. Faida yake utaiona kwenye mwendo wa kasi; mjini, kwa maoni yangu, haifai usumbufu huo.